Kesi ya malipo ya askari imeshinda kule Marekani: avoka anaondoka namna gani, na anaondoka na nini?

Siku hizi jamaa nyingi za Uvira, Baraka, Bukavu na Goma ziko na mutoto, ndugu ao mukwe anayeishi Marekani. Wengi walipita mu kambi za wakimbizi za Burundi, Rwanda, Tanzania ao Uganda, na kuanzia miaka ya 2010 wakapelekwa kuanza maisha mapya katika miji kama Louisville, Dayton, Des Moines ao Phoenix. Kati yao kuna vijana walioingia mu jeshi la Marekani. Hapana lazima mutu akuwe raia kwa kuingia mu jeshi lile: mwenye karata ya ukaaji wa kudumu naye anaruhusiwa.

Kisha miaka ine, sita ao kumi, wanatoka. Mumoja magoti yameharibika, mwengine masikio yanalia usiku na mchana, mwengine halale tena vizuri. Sheria ya Marekani inasema ugonjwa ao kilema kilichotokana na kazi ya jeshi kinalipiwa kila mwezi. Mwenye kulipa ni Wizara ya Wapiganaji wa Zamani, ile kila mutu anaita VA. Lakini mara mingi jibu la kwanza linakuwa hapana, ao linakuwa ndiyo ya asilimia kidogo tu. Hapo ndipo mutu anatafuta avoka wa kumusaidia mu rufaa.

Na siku rufaa inashinda, kunaanza kesi ingine, hii ya ndani ya jamaa. "Si kesi imeisha? Sasa huyo avoka anakata makuta ya nini tena? Umuondoe!" Maneno kama haya yanapita mu barua za sauti za WhatsApp, kutoka huku kwenda kule. Mwenye kesi anabaki katikati. VA imeshakata maelfu ya dolari, wazazi wanangojea, na yeye mwenyewe hajui kama avoka angali na haki juu ya dosiye yake.

Jibu la kifupi ni hili: mutu anaweza kumuondoa avoka wake siku yoyote, bila kuomba ruhusa na bila kueleza sababu. Lakini kumuondoa hakufuti kazi aliyokwisha kutumika. Na kuna siku ambayo kumuondoa kunaweza kukupotezea pesa nyingi kuliko ile avoka angechukua. Tuingie ndani.

Makaratasi ni mawili

Wakati mutu anachukua avoka kwa kesi ya VA, anaweka sinyatiri kwenye makaratasi mawili, na wengi wanafikiri ni karatasi moja.

La kwanza ni fomu 21-22a. Hii ni kama prokirasio yetu ya huku. Inamupa avoka mamlaka ya kusema kwa jina lako mbele ya VA, kufungua dosiye yako, na kupokea kopi za barua zote VA inakutumia. Hii ndiyo ile unaweza kuondoa siku yoyote.

La pili ni mukataba wa malipo. Huu unasema avoka atalipwa ngapi, juu ya pesa gani, na ni nani atakayemulipa. Mukataba huu si siri kati ya watu wawili: avoka anapashwa kuweka kopi yake kwa VA mu siku 30 kisha kuweka sinyatiri. Kuondoa prokirasio hakuchane mukataba. Barua yako inasema tu "kuanzia leo huyu hasemi tena kwa jina langu." Haisemi "kazi uliyotumika miaka miwili ilikuwa ya bure."

Wengi wanachanganya haya mawili, na hapo magomvi yanazaliwa. Mutu anatuma barua ya kumuondoa avoka, anaona kisha mwezi VA imemulipa yule avoka hata hivyo, na anaanza kusema wamemuibia. Mara mingi hawakumuibia.

Asilimia 20 ya nini?

Sheria za VA ziko kali juu ya pesa ya avoka, pengine kuliko watu wanavyofikiri. Kwa ombi la kwanza kabisa, hakuna mutu mwenye ruhusa ya kulipisha askari hata dolari moja. Malipo yanaruhusiwa paka kisha VA kutoa uamuzi wa kwanza, na mutu akataka kuupinga. Yaani avoka analipwa kwa kazi ya rufaa, halipwe kwa kujaza fomu ya kwanza.

Na analipwa juu ya kitu kimoja: ariere. Neno hili walimu na wafanyakazi wa leta wanalijua vizuri. Kule ni pesa ya miezi ya nyuma, kuanzia tarehe VA inayokubali kuwa haki yako ilianza, mpaka siku uamuzi wa kukupa haki ulitolewa. Kama mukataba unasema VA yenyewe ndiyo itamulipa avoka, basi sehemu yake haiwezi kupita asilimia 20 ya ile ariere. VA inakata, inamulipa avoka, inakupa inayobaki. Na juu ya sehemu ya avoka VA inajikatia gharama ndogo ya kazi yake, asilimia 5 lakini isiyopita dolari 100.

Tuchukue mufano, hesabu tu, si kesi ya mutu fulani. VA inakubali kumulipa kijana dolari 1.500 kwa mwezi, na tarehe ya kuanza iko miezi 20 nyuma. Ariere ni dolari 30.000. Avoka anachukua 6.000, kijana anapata 24.000. Kisha pale, kila mwezi, ile 1.500 inaingia yote nzima kwa kijana. Avoka hana asilimia juu ya pesa ya mwezi inayokuja mbele.

Wazazi, muandike hii mahali: kama mutoto anasema "avoka ananikata kila mwezi," kuna jambo moja kati ya mawili. Ao hakusoma barua vizuri na ile inayokatwa ni deni lingine, ao kuna mutu anamudanganya. Mukataba wa avoka wa kweli wa VA haufanye vile.

Kuna mikataba mingine ambayo mwenye kesi anamulipa avoka yeye mwenyewe, bila kupita kwa VA. Pale asilimia inaweza kupita 20. Sheria inahesabia kwamba mpaka 20 malipo yako ya haki, na kupita theluthi moja, yaani 33 na kitu, hayako ya haki mpaka avoka aonyeshe kinyume. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ya kubishana.

Kumuondoa mbele ya ushindi, kumuondoa nyuma ya ushindi

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Tarehe ni kila kitu hapa.

Kama avoka alikuwa na prokirasio bila kukatika mpaka siku uamuzi wa kukupa haki ulitolewa, ile asilimia 20 inahesabiwa kuwa ya haki. Ukimuondoa kesho yake asubuhi, haibadilishe kitu juu ya pesa hiyo. Amekwisha kuitumikia. Kwa hiyo wale wanaomwambia mutoto "muondoe mbio mbio mbele VA haijalipa," wanamushauri kazi bure.

Kama uliondoa avoka mbele ya uamuzi, hesabu inakuwa ingine. Hana tena ile 20 ya moja kwa moja. Anabaki na haki ya kuomba alipwe kulingana na muchango wake mu ushindi. Pengine ni yeye alipata daktari aliyeandika ripoti iliyogeuza kesi, pengine alituma barua mbili tu. Biro ya sheria ya VA kule Washington ndiyo inaangalia na kukata. Na kama kuna avoka wawili, wa kwanza na wa pili, wote wanaweza kuomba, lakini VA haiwezi kukata zaidi ya asilimia 20 jumla kwa wote. Kwa sababu hiyo avoka wa pili mara ingine anasitasita kushika dosiye yenye avoka wa kwanza ndani. Anajua watagawana.

Kuna muteego mumoja mu jambo hili ambao unapashwa kusemwa pole pole. Tuseme rufaa bado inaendelea na avoka. Kijana anapita kwenye biro ya shirika moja la askari wa zamani kwa jambo dogo, kwa mufano kuuliza musaada wa masomo. Mufanyakazi mwema anamwambia: weka sinyatiri hapa, tutakusaidia. Ile fomu ni 21-22, ya kupa shirika mamlaka. VA ikiipokea, na kama haikuandikwa kuwa ni ya jambo moja tu, inaondoa prokirasio ya zamani yenyewe, bila barua ingine. Kijana amemufukuza avoka wake katikati ya rufaa na hajui! Miezi inapita, avoka haone tena dosiye, shirika nalo halijui kuna rufaa ndani, na tarehe za mwisho zinapita. Mbele ya kuweka sinyatiri kwenye karatasi yoyote ya uwakilishi, uliza swali moja: "Hii itaondoa avoka wangu?"

Soma uamuzi mbele ya kuandika barua ya kwaheri

Sisi tunaona hapa ndipo jamaa zinakosea zaidi. Ushindi mu VA hauko kama kushinda kesi ya kiwanja mbele ya tribunali, ambapo unapewa ao unanyimwa. Uamuzi wa VA uko na vipande. Kuna "ndiyo, ugonjwa huu unatokana na jeshi." Kuna asilimia ya kilema: 10, 30, 70. Na kuna tarehe ya kuanza. Unaweza kushinda kipande cha kwanza na kupoteza viwili vinavyobaki, na barua bado ikaitwa ya ushindi.

Turudi kwa mufano wetu. Kijana aliomba mwaka 2020. Uamuzi wa 2024 unamupa haki, lakini tarehe ya kuanza wameandika 2023. Kama alistahili tangu 2020, kuna miaka mitatu ya ariere imebaki mu droo ya VA. Kwa dolari 1.500 kwa mwezi ni 54.000. Jamaa inapiga kelele juu ya 6.000 ya avoka, na wakati ule ule 54.000 inaenda kimya kimya.

Mutu ana mwaka mumoja, kuhesabia tarehe ya barua ya uamuzi, kwa kuupinga. Kwa utaratibu ulioanza kutumika tarehe 19 mwezi wa pili 2019, njia ziko tatu: kuleta ushuhuda mupya, kuomba mukubwa mwengine wa VA aangalie tena dosiye ile ile, ao kupeleka rufaa kwa Baraza la Rufaa la VA. Kama uamuzi umetoka kwa Baraza lenyewe na unataka kwenda mu Korti ya Rufaa ya Wapiganaji wa Zamani, hapo mwaka hauko. Ni siku 120. Mwaka ule ukipita bila kitu, uamuzi unafungwa, na ombi jipya mara mingi linahesabiwa kuanzia siku ulilolileta.

Kwa hiyo mbele ya kumuambia avoka "asante, tuachane," mwenye kesi amuulize, kwa maandishi: Je, asilimia waliyonipa iko sawa? Je, tarehe ya kuanza iko sawa? Kuna ugonjwa ambao hawakujibu? Kuna kipande cha dosiye kilichorudishwa nyuma kwa uchunguzi? Tarehe ya mwisho ya kupinga ni gani? Avoka mwema anajibu mu barua moja. Yule asiyejibu maswali haya matano, pengine ni sababu nzuri ya kumuacha, lakini basi mutu atafute mwengine wa kusoma uamuzi mbele mwaka haujaisha.

Na kama yote iko sawa, asilimia iko sawa na tarehe iko sawa, hapo kumaliza na avoka ni jambo la kawaida, hapana kosa na hapana ugomvi. Ni vizuri hata. Prokirasio ikibaki, VA itaendelea kumutumia kopi za mambo yako ya kesho ambayo hayamuhusu. Na kama siku moja magoti yanazidi na unaomba kuongezewa, mukataba wa zamani unaweza kuwa na maneno yanayomupa avoka sehemu ya ariere mupya. Ifungue usome: inasema "kesi hii tu," ao inasema zaidi?

Barua yenyewe

Haiko ndefu. Inaandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mumoja unatosha. Jina lote kama liko mu dosiye ya VA, namba ya dosiye, jina la avoka, na sentensi yenye kusema wazi: ninaondoa mamlaka niliyomupa kwa fomu 21-22a, kuanzia leo, VA isimutumie tena barua zangu. Tarehe na sinyatiri. Inaenda kwa VA, kwa posta ao kwa njia ya intaneti ambayo VA inapokelea makaratasi. Kopi moja inaenda kwa avoka, na mu kopi ile unaongeza mustari mumoja: kwamba unamaliza pia kazi ya mukataba, na unaomba dosiye yako yote.

Usimutukane mu barua. Barua ile inabaki mu dosiye, na kama kutakuwa mabishano juu ya malipo, itasomwa.

Chunga ushahidi kwamba barua imefika. Kisha wiki kadhaa, mutu anaingia kwenye konti yake ya VA na kuangalia ni nani ameandikwa kama muwakilishi wake. Kama jina la zamani lingali pale, barua haijashikwa. VA ni nyumba kubwa, makaratasi yanachelewa kule pia, si huku kwetu tu.

Njia ingine ni kuweka muwakilishi mupya. Fomu mupya ikifika, ya zamani inaanguka. Hapo huhitaji barua mbili kwa VA, ingawa kumujulisha avoka wa zamani ni adabu, na inazuia mambo.

Inafika pia kwamba ni avoka mwenyewe anatoka. Ameshinda, amelipwa, anatuma barua kwamba kazi imeisha. Hana ruhusa ya kukuacha mahali ambapo kuondoka kwake kutakuharibia, kwa mufano siku tatu mbele ya tarehe ya mwisho. Anapashwa kukujulisha wewe na VA, na kukupa makaratasi yako. Ukipokea barua ya namna hii usiitupe mu sanduku. Tarehe iliyo juu yake ni ya maana.

Kama kesi ilifika mu Korti

Korti ya Rufaa ya Wapiganaji wa Zamani si sehemu ya VA. Barua uliyotuma kwa VA haiondoe avoka aliye mbele ya Korti, na kule naye hawezi tu kuweka chini dosiye na kwenda. Mambo ya kutoka yanapita mbele ya Korti yenyewe. Mwenye kesi kule aandikie avoka na aombe aone kile avoka amepeleka.

Kuna jambo la pesa pia ambalo wachache wanalijua. Mara mingi, mutu akishinda mu Korti, sheria inaruhusu serikali imulipe avoka wake kwa kazi ile ya Korti. Kama baadaye avoka yule yule anapata tena asilimia juu ya ariere kwa kazi ile ile moja, hawezi kubaki na zote mbili. Anapashwa kumurudishia mwenye kesi ile ndogo. Wakati wa kuachana, ni haki kabisa kuuliza: "Serikali ilikulipa ngapi kwa kazi ya Korti, na kuna ya kunirudishia?" Kuuliza hivyo si kukosa adabu.

Kama unaona malipo yamezidi

Huku kwetu, ukikosana na avoka juu ya honoreri, unaenda kwa batonie wa baro. Kule, kwa kesi za VA, kuna mulango wake: unaomba biro ya sheria ya VA iangalie kama malipo yalikuwa ya haki. Muda ni siku 120 kisha uamuzi wa mwisho wa VA. Ombi linaandikwa, linaeleza sababu, na kopi inapewa avoka naye ajibu. Lakini kama malipo yalikuwa 20 na avoka alikuwa na wewe mpaka mwisho, unapashwa kuleta ushahidi wa nguvu sana. Kusema tu "ni mingi" haitoshi. Kusema "alichelewesha tarehe ya mwisho na nikapoteza mwaka wa ariere, angalia barua hizi" ni kitu kingine.

Kisha avoka, nani?

Watu wengi hawahitaji avoka tena kisha ushindi. Kwa mambo madogo, kuongeza muke, kubadilisha adresi, kuuliza barua, kuna mashirika ya askari wa zamani yanayofanya bure: DAV, American Legion, VFW na mengine, na mu majimbo mengi kuna biro za serikali za kazi hiyo. Wako na watu waliopewa ruhusa na VA, na VA inaweka orodha ya majina yao kwenye intaneti. Jina lisipokuwa mu orodha, huyo hana ruhusa.

Tunasisitiza hapo kwa sababu ya kundi lingine. Kuna kampuni na watu binafsi wasio na ruhusa ya VA ambao wanatafuta askari wa zamani, wanawaahidi asilimia kubwa mbio mbio, na wanawaomba walipe hesabu ya miezi mitano ao sita ya nyongeza watakayopata. Kule Marekani wamekwisha kupewa jina la samaki papa. Hawaweke fomu 21-22a, kwa hiyo hakuna cha kuondoa kwa VA. Wanashikilia tu mukataba na wakati mwengine namba ya konti ya benki. Mutu aliyeachana na avoka wa kweli juu ya asilimia 20 anaweza kuangukia mu mikono ya hawa na kulipa zaidi. Wanakuja kwa sauti ya ndugu, hata kwa Kiswahili chetu.

Na sisi huku?

Mambo haya yanafika mpaka mu nyumba za huku, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya huzuni. Kama askari yule wa zamani anakufa wakati rufaa bado inaendelea, prokirasio inakufa naye. Avoka hana tena mamlaka ya kusema, hata kama anaijua kesi kuliko mutu yeyote. Mujane, ao mutoto, ao muzazi ambaye sheria inamutambua, anaweza kuomba kushika nafasi ya marehemu mu kesi, na ana mwaka mumoja tangu siku ya kifo. Anayeshika nafasi anapashwa kuweka muwakilishi wake mwenyewe, kwa sinyatiri yake. Anaweza kumurudisha avoka yule yule, ao kuchukua mwengine. Jamaa inayongojea mpaka matanga yaishe, kisha mpaka magomvi ya jamaa yaishe, inaweza kukuta mwaka umepita.

Ya pili ni ya kila siku. Askari wa zamani mwenye kilema cha asilimia 30 ao zaidi analipwa nyongeza kwa muke ao mume, kwa watoto, na hata kwa baba na mama kama wanamutegemea na mapato yao ni madogo. Kama VA inapata habari za hao watu mu mwaka mumoja tangu barua ya uamuzi, nyongeza inaweza kuhesabiwa tangu tarehe ya kuanza ya ile asilimia. Hapo tena mwaka ule ule! Na hapo tena, mutoto anapashwa kuamua mapema kama ombi hilo litapita kwa avoka, kwa shirika, ao kwa mukono wake mwenyewe, kwa sababu ariere inaweza kutoka.

Basi anapiga simu huku na kuomba makaratasi: akti ya kuzaliwa, akti ya ndoa, ao hukumu ya tribunali inayochukua nafasi ya akti iliyopotea mu vita. Na majina ndiyo yanaleta shida. Baba ameandikwa namna moja kwenye karata ya uchaguzi, namna ingine mu dosiye ya ukimbizi ya mutoto, namna ya tatu kwenye akti. Mbele ya kutuma, muulize mutoto jina lake na la wazazi wake limeandikwa namna gani mu makaratasi ya kule, herufi kwa herufi. Kopi isomeke vizuri, tafsiri ya Kiingereza iwe pamoja, na itumwe kwa mutoto mwenyewe, hapana kwa mutu anayepiga simu na kusema ametoka VA.